Pipi za Kuaga

Vijana mliobaki Guangzhou mmenisumbua sana kwenye simu. Kila siku ni "Mama Doreen tuandikie, Mama Doreen tuandikie." Haya, nimekaa. Niko kwangu Singida, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, na hakuna mteja wa kunipigia kuuliza kontena limefika wapi. Nitaandika ninavyokumbuka. Asiye na subira aruke mpaka kwenye habari ya pipi, maana najua ndiyo mnayoitaka. Mmeisikia kwa Gidioni, na Gidioni ameiharibu.

Kwanza niwaambie ilivyokuwa kabla ya simu zenu hizi zinazotafsiri kila kitu. Kazi ya uwakala ilikuwa ya miguu. Mfanyabiashara anatoka Mbeya au Kahama, anashuka uwanja wa ndege wa Baiyun hajui kushoto wala kulia. Nampokea, namtafutia chumba, nampeleka sokoni, nasimama naye akipatana bei, nakagua mzigo, naufunga, naupeleka kwa wasafirishaji. Yeye anapanda ndege anarudi kwa mume wake, mimi nabaki na magunia. Kwa kifupi nilikuwa mama wa watu wazima, na watu wazima ni wasumbufu kuliko watoto kwa sababu huwezi kuwachapa.

Sikwenda kule kufanya kazi hiyo. Nilikwenda kununua viatu vya kuuza Singida, nirudi. Siku ya kwanza pale Zhanxi, mtaa wa masoko ya viatu, mkokoteni ulinigonga kisigino, wa pili ukanigonga kisigino kingine, na nilipogeuka kugomba nikakuta wasukumaji wote wawili wananigombeza mimi. Nikasimama katikati ya barabara nataka kulia. Ndipo nikasikia Kiswahili nyuma yangu: "We mama, toka hapo, hiyo ni njia ya mizigo! Unafikiri uko harusini?"

Huyo ndiye Mama Tarimo. Mchaga, mfupi, sauti ya mwalimu mkuu. Alikuwa wakala kabla yetu sote, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumkataa. Alinishika mkono akanivusha, akaninunulia maji, akaniuliza kama najua kushona gunia. Nikasema najua, baba yangu alikuwa akinunua alizeti. Akasema, "Basi hutarudi mwezi huu." Na kweli sikurudi.

Mama Tarimo hakunifundisha Kichina. Alisema Kichina kitakuja chenyewe kama mafua. Alinifundisha kuangalia. "Usimwangalie laoban usoni," alikuwa akisema, "angalia zipu." Laoban ni mwenye duka, bosi. Sisi tuliwaita wao laoban, nao wakatuita sisi laoban, hata mimi niliyekuwa sina hata kabati. Alinifundisha kuchomoa shati katikati ya rundo, si juu, kwa sababu la juu limewekwa kwa ajili yako. Kunusa kiatu, maana gundi mbaya inanuka kabla haijaachia. Kugeuza suruali ndani nje na kuvuta mshono kwa vidole viwili. Na kufika Shisanhang mapema, kwa sababu soko lile la nguo linaamka kabla ya watu wenye akili zao, na mchana ukifika wameshafunga wamekwenda kulala. Mteja aliyeniambia "tutakwenda baada ya chai" nilimwambia basi chai yenyewe ndiyo utakayosafirisha.

Vyombo vyangu vyote viliingia kwenye mkoba mmoja: kalkuleta, futi ya kamba, mzani wa kuning'iniza, kalamu ya wino mzito, selotepu na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Kalkuleta ndiyo ilikuwa ulimi wetu. Laoban anabonyeza namba yake, wewe unacheka, unafuta, unabonyeza yako, yeye anashika kifua kama amechomwa kisu. Mnakwenda hivyo mpaka mmoja anachoka. Shazia nilikuwa nayo moja miaka yote, na nilipokuwa naondoka kuna mmoja wenu aliiomba. Sikumpa. Mkanunue zenu.

Na jambo moja la kazi ambalo bado mnalikosea: msifunge nguo mwezi ule wa mwisho wa baridi, pale kuta zinapotoka jasho. Ninyi mnajua ninachosema. Sakafu inalowa yenyewe, shuka linalowa, hata mkate unalowa. Ukifunga gunia siku hiyo umefunga ukungu, na mteja wako atalifungua Kahama akutane na harufu ya shimo. Subiri upepo ugeuke. Mteja akikupigia kelele, mpe chai.

Sasa makazi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, nyumba ya ghorofa nyembamba kwenye kichochoro ambacho jua lilikipitia kwa haraka tu, kama mtu anayekwepa deni. Nilimwita Ayi, ambayo kwao ni kama shangazi, na yeye aliniita Ana kwa sababu Anna ilimshinda katikati. Nywele fupi za kupinda, ndala za plastiki, mdomo usiopumzika. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyehamia Shenzhen, anayepiga simu kutoa amri.

Miezi ya mwanzo tulipigana vita, jamani. Alikuja kunigongea kwa sababu ya dagaa. Akaja kwa sababu ya viatu vyangu mlangoni. Jioni moja alikuja mbio, kashika ufagio, kwa sababu alisikia mtu anapigwa ndani. Ni mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilimwonyesha sufuria, nikamwonyesha mwiko, akachungulia kila pembe kutafuta maiti. Kwa kuwa alikuwa ameshaingia nikamkaribisha. Alitia tonge mdomoni, akatafuna muda mrefu, akasema, "Haina ladha." Akamaliza sahani. Kesho yake akaniletea bakuli la supu ya mifupa na karanga, akasimama mlangoni mpaka nikainywa yote. Nami nikamwambia haina chumvi. Tangu siku hiyo tukaelewana, yaani tuligombana kama watu wanaojuana.

Gidioni aliingia maishani mwangu wakati huo. Kijana wa Kahama, muuza nguo za watoto, mrefu, mpole, mwenye njaa ya kudumu. Safari yake ya kwanza nilimpeleka kula na Ayi kwenye hoteli ya chai, kama shukrani. Kule wakikuletea birika la kwanza si la kunywa. Unamimina kwenye bakuli, unasuuza vikombe na vijiti, unamwaga. Ayi alisuuza vyombo vyake na vya Gidioni, akaweka bakuli katikati. Gidioni, mtoto wa watu aliyelelewa asikatae cha mwenyeji, akalinyanyua kwa mikono miwili akalinywa lote. Kisha akasema, "Asante mama, chai nzuri." Ayi alicheka mpaka mhudumu akamletea kitambaa cha kujifutia machozi. Kuanzia hapo Gidioni akija Guangzhou lazima apite kumwamkia, na Ayi lazima amwoneshe bakuli kwanza na kutikisa kichwa: hili hapana.

Basi ikaja miaka ya msako. Waliokuwepo wanakumbuka, Wachina walikuwa wanajiandaa kwa michezo yao mikubwa kule Beijing, na hata baada ya michezo kwisha mambo hayakulegea. Viza za muda mrefu zikawa ngumu. Polisi walisimama kwenye milango ya treni za chini ya ardhi, walisimama Zhanxi, waliingia majengo yetu ghorofa kwa ghorofa. Pasipoti, pasipoti, pasipoti. Unatoka kununua nyanya na pasipoti kifuani. Niliona maduka ya wenzetu yakishushwa mlango saa ya biashara, na watu wazima wenye vitambi wakikimbia kuliko watoto wa shule. Tulicheka baadaye. Siku yenyewe hatukucheka, kwa sababu kila wiki kulikuwa na mtu asiyeonekana kanisani, na ukiuliza unaambiwa amerudishwa, na vitu vyake viko kwa fulani. Mama Tarimo alisema magoti yake hayawezi kukimbia polisi, akafunga mzigo wake mwenyewe kwa mara ya kwanza akarudi Moshi. Nililia siku ile. Nikabaki mimi na wateja wake wote.

Mimi karatasi zangu zilikuwa sawa, lakini zilisimama kwenye mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa Ayi. Mgeni anayekaa nyumba ya mtu lazima aandikishwe kituo cha polisi cha mtaa, na mwenye nyumba ndiye anayekwenda naye na kitambulisho chake. Bila karatasi hiyo ya makazi huongezewi viza. Viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha na karatasi ilitakiwa mpya.

Nikamwendea Ayi, kama miaka mingine. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso.

"Safari hii siwezi," alisema. "Wazee wa mtaa wamepita. Wamesema mwenye mgeni ataona matatizo. Na mwanangu amepiga simu. Amesema utoke mwisho wa mwezi."

"Na wewe Ayi unasemaje?"

"Mimi ni mzee. Naogopa polisi. Usiniulize nasemaje."

Nilipanda ngazi nikakaa kitandani. Nilikuwa na Doreen mwaka wa pili chuo cha uuguzi, hana baba, na hakuna mwingine wa kumlipia ila mimi. Nilikuwa na mizigo ya watu kwenye stoo. Nilizunguka kutafuta chumba kingine na kila mlango ulikuwa na jibu moja, meiyou, hakuna, hata palipokuwa na tangazo la chumba juu ya huo huo mlango. Gidioni alikuwepo safari ile, akazunguka nami mpaka viatu vyake vikanuka gundi. Mwishoni nikasema basi. Mungu ameona inatosha. Nitafunga mizigo ya watu, nitarudi nyumbani, nitajua la kufanya na ada nikiwa nimekaa chini.

Lakini sasa, mimi ni mtu wa Singida. Mtu wa kwetu hahami kimya kimya. Unapita kwa majirani nyumba kwa nyumba unaaga, unasema kama kuna niliyemkosea anisamehe, na huendi mikono mitupu. Gidioni alisema, "Mama Doreen, hawa watu hata kukusalimia hawakusalimii, unawaaga wa nini?" Nikamwambia kuaga si malipo ya salamu. Mwizi ndiye anayeondoka bila kuaga.

Nikaenda duka la jumla la pipi. Nilitaka kitu kidogo, kizuri, kinachogawika. Nikaona vifuko vyekundu vyenye uzi wa dhahabu, na alama yao moja kubwa ya dhahabu mbele, ile ambayo ninyi wasomi mnaijua na mimi nilikuwa nimeiona tu madirishani nikadhani maana yake ni heri. Nilijua nyekundu kwao ni bahati. Nikanunua vya kutosha kichochoro kizima. Laoban alinitazama, akamtazama Gidioni aliyebeba boksi, akatabasamu meno yote, akaongeza vifuko vingine bure. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Lini laoban wa soko lile ameongeza kitu bure?

Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani. Gidioni kavaa shati jeupe na tai, mimi nimevaa gauni la kitenge na kilemba. Tukaanza mwanzo wa kichochoro. Fundi viatu. Mama muuza samaki. Fundi cherehani. Wazee wanne wanaocheza vigae, ule mchezo wao wa mezani, ambao miaka yote hiyo walinitazama kama nguzo ya umeme. Kila mlango nilitoa kifuko kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikasema kwa Kichina changu cha sokoni, "Asanteni kwa yote. Kama nimekosea, samahani."

Watu walifurahi vile sijapata kuona! Mama muuza samaki alipiga makofi. Wazee wa vigae walisimama wote wanne, mmoja akamshika Gidioni mkono akamtikisa mpaka tai ikageuka. Fundi cherehani alimpima Gidioni kwa macho kutoka juu mpaka chini, akaninong'oneza kitu na kucheka, akanibana shavu. Nami moyo uliniuma. Nikajisemea, ona, Anna, watu walikuwa wanakupenda muda wote huo, hukujua. Na sasa unaondoka.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Ayi. Nilimwambia Gidioni abaki nje. Ayi alifungua, nikampa kifuko kwa mikono miwili.

"Ayi, nimekuja kukuaga. Umenipa supu nilipoumwa. Nimekupigia kelele mara nyingi. Kama nilikuudhi, nisamehe."

Alikitazama kifuko. Akanitazama. Akachungulia nje, akamwona Gidioni na tai yake. Akafunga mlango. Nikasema sawa, hasira za wazee.

Sikuwa nimemaliza hata kuvua kilemba nikasikia miguu kwenye ngazi. Mama muuza samaki na samaki mzima, mkubwa, mkia unapiga. Nyuma yake fundi cherehani na mito miwili iliyotariziwa ndege. Nyuma yao wazee wa vigae, na kila mmoja ameshika bahasha nyekundu. Walizijaza mkononi mwangu, walizijaza mfukoni mwa Gidioni. Gidioni alikuwa anasema asante asante na kuinama. Akaniuliza kwa Kiswahili, huku anatabasamu, "Mama Doreen, hawa wanatupa nini?"

Kulikuwa na binti wa fundi cherehani anayesoma Kiingereza shuleni. Akasimama wima kama anasoma shairi, akatuambia kwa Kiingereza kwamba kichochoro kizima kinatutakia ndoa njema na mtoto wa kiume mapema.

Yesu wangu! Vifuko vile vilikuwa pipi za harusi. Kwao anayeoa au kuolewa ndiye anayepita kugawa pipi kama zile, na kila aliyepokea huja na zawadi, au pesa ndani ya bahasha nyekundu. Nilikuwa nimepita mlango kwa mlango, na kijana wa watu mwenye tai, kutangaza ndoa. Gidioni alikaa chini kwenye ngazi. "Mke wangu," alisema. "Mke wangu Kahama atanimaliza. Mama, mimi nilibeba boksi tu!"

Nilijaribu kueleza. Lakini Kichina changu kilikuwa cha zipu na viatu, na kila niliposema "hapana, hapana," walicheka zaidi, kwa sababu bibi harusi lazima akatae. Wakateremka wakiimba.

Jioni Ayi alipanda. Hakubisha hodi, aliingia, akakaa kwenye kiti changu pekee. Nilikuwa nakaanga samaki, maana samaki hana kosa.

"Unaolewa na yule mnywa maji ya vyombo?" aliuliza.

"Hapana, Ayi. Ana mke. Nilidhani ni pipi tu."

"Basi kwa nini ulizigawa?"

Nikaeleza. Ilichukua muda, kwa mikono na kalamu na kuchora nyumba kwenye karatasi: huyu ni mimi, hii ni milango, mtu akihama hupita akaaga. Alifuatilia mchoro kwa kidole. Akafika mlango wake, akasimamisha kidole hapo.

"Huu ni mimi. Mimi ndiye ninayekufukuza."

"Ndiyo."

"Ukaja kuniomba msamaha wewe."

"Nimekaa kwako, Ayi. Siwezi kutoka bila kukuaga."

Samaki akaanza kuungua, Ayi akainuka akamgeuza mwenyewe. Kisha akaanza kunifokea. Akasema nimemletea aibu, kwamba kichochoro kizima kimempongeza yeye kwa sababu harusi iko nyumbani kwake, kwamba mama muuza samaki amemwuliza karamu ni lini, na yeye aseme nini? Aseme amemfukuza bibi harusi? Na bahasha hizi nani atazirudisha? Akala nusu ya samaki huku anafoka. Akashuka. Nililala nikijua nimeharibu hata kuondoka kwenyewe.

Asubuhi nikasikia ndala ngazini. Ayi alikuwa mlangoni, kavaa koti lake la sikukuu, mwavuli mkononi, kitambulisho kimefungwa kwenye leso. Uso ulikuwa umempauka kabisa.

"Chukua pasipoti," alisema. "Twende kabla sijaogopa."

Njia nzima alinishika mkono wa gauni. Wapita njia walidhani mimi ndiye namsindikiza, na labda ilikuwa hivyo. Pale kituoni kulikuwa na askari kijana mezani, mstaarabu, amechoka. Alipokea kitambulisho, akatazama pasipoti yangu, akamwambia Ayi kwa upole kwamba halazimiki, kwamba wengi mtaa ule wameacha kupangisha wageni, na je, familia yake inajua?

Kusema kulinishinda, lakini kusikia nilikuwa nimeshazoea; nilielewa kila neno. Nilitamani nisingeelewa. Ayi aliweka mwavuli juu ya meza ya askari.

"Nina mtoto mmoja," alisema. "Alipohamia Shenzhen niliamka nikakuta kitanda kitupu. Alinipigia simu akiwa ameshafika. Huyu hapa nilimwambia atoke nyumbani kwangu, na alivaa nguo nzuri akaja mlangoni kuniaga. Andika jina lake. Anakaa kwangu."

Askari aliandika.

Bahasha tulizirudisha, mimi na Ayi, mlango kwa mlango, yeye akieleza na mimi nikiinama. Walicheka wiki nzima. Wazee wa vigae walikataa kabisa kurudishiwa, wakasema ziwekwe, kwani mwanamke mwenye samaki na mito hakosi mume. Tangu siku ile walinisalimia, na Gidioni mpaka leo kichochoro kile anaitwa bwana harusi. Mkewe aliposikia alipanda ndege safari iliyofuata, akaja kuniangalia mwenyewe. Alinikuta na miwani, nashona gunia, akaanza kucheka. Sasa ni mteja wangu, yaani mteja wenu, na mumtunze. Ana jicho kali kuliko la mumewe.

Doreen alimaliza chuo. Yuko hospitali ya wilaya, na ndiye aliyenitia haya maji ya moto miguuni. Mimi niliendelea kukaa kwa Ayi mpaka magoti nayo yalipoanza kunikataa kama ya Mama Tarimo. Hapo nikawaita ninyi, nikawagawia wateja, nikafunga begi.

Siku ya kuondoka nilishuka na kifuko cha pipi, cha kijani safari hii, nimemuuliza laoban mara tatu kama ni cha harusi. Nikagonga kwa Ayi. Nilisikia ndala zikija zikasimama nyuma ya mlango.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Ayi. Nimekuja."

"Najua umekujia nini. Sifungui."

"Ayi, ndege itaniacha."

"Ikuache. Nikifungua utaniaga."

Nilimbembeleza. Akakataa. Basi nikakaa chini kwenye sakafu ya nje, na nikasikia naye anakaa chini upande wake, akilalamika mgongo. Tukaongea kupitia mlango, habari za samaki, za yule mwanawe, za mpangaji atakayekuja ambaye alikuwa ameshamchukia kabla hajamwona. Gidioni, aliyekuwa akinisubiri kwenye teksi, alimpigisha dereva honi mara ya kwanza, mara ya pili. Nikaweka pipi chini ya mlango, nikashika kitasa kuinuka, nikasema, "Haya Ayi, mimi nakwenda sokoni."

"Nenda," alisema. "Usichelewe kurudi."